Si Kila Mlio ni Shokapu!

Naomba nianze kwa kukiri: mwaka jana nilivunja kibubu cha nyumbani. Kilikuwa chetu sote wawili, mimi na mke wangu, na tulikubaliana hakiguswi mpaka tupate kiwanja Mikindani. Mimi nikakivunja kwa ajili ya shokapu.

Pikapu yetu haijui kupumzika. Siku za kazi inanipeleka saiti, msimu wa korosho inabeba magunia ya ndugu, na Jumapili inatupeleka Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Pale tunapita juu ya mchanga, karibu kabisa na maji, na chumvi ya bahari haina huruma na chuma.

Mwezi wa tano ikaanza kulia huko nyuma. "Baba Nasri, gari inalia," mke wangu akasema. Nikaongeza sauti ya redio. Wanaume wenzangu mnanielewa! Aliporudia mara ya tatu, nikaona kama ananiambia sijui kutunza mali. Nikanunua shokapu nne mpya, nikafungiwa, nikarudi nyumbani kifua mbele. Habari ya pesa nikanyamaza. Mlio ulikuwa bado unakuja na kutoweka, nami nikajipa moyo kwamba vyuma vipya vinazoeana.

Mwezi wa saba tukapanda Newala kwa harusi ya shemeji. Nyie mnaoijua Mtwara ya joto tu, nendeni juu ya uwanda wa Makonde Juni au Julai. Asubuhi utatafuta sweta. Saa kumi na mbili nikawasha gari kumpeleka mama mkwe sokoni. Kri! Kri! Kri! Ule ule, tena mkali zaidi. Mama mkwe akashika mlango kwa mikono miwili.

Mke wangu alisubiri mama ashuke. "Si ulisema umetengeneza? Kwa shilingi ngapi, na za wapi?"

We acha tu. Nikasema yote. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Pesa zitatafutwa. Kinachoniuma, nilikuambia gari inalia, wewe ukaenda kutengeneza aibu yako."

Tulikwenda kwa fundi pamoja. Mzee wa watu hakushika hata spana. Alichukua chupa ya maji, akamwagia mpira mmoja mmoja huku kijana wake akitikisa bodi. Alipofika kwenye bushi za springi za nyuma, mlio ukakata. "Mwanangu, mpira ukichoka unakakamaa. Baridi ikiupata, ndiyo unalia. Gari ikitembea kidogo na jua likipanda, unatulia." Bushi zote hazikufika bei ya shokapu moja.

Basi msomaji, usirudie kosa langu. Mlio wa kri kri unaokuja na baridi na kupungua gari ikipata joto, anza kushuku mipira. Pima kwa maji, usipake oili wala grisi ya kawaida, maana inakula mpira. Ukisikia ko ko ko kwenye kila shimo, baridi au joto, kakague boljointi, linki na nati za shokapu haraka, kwani hapo ni usalama wenu.

Shokapu iliyokufa ina dalili zake: inavuja oili mpaka inalowa, gari inainama sana ukifunga breki, tairi linalika kwa mabaka. Kandamiza kona ya gari kisha achia. Ikiendelea kunesa badala ya kutulia, imechoka. Wengi hutaja kilomita 80,000, lakini barabara ya vumbi na mizigo huipunguza namba hiyo. Ukibadilisha, badilisha mbili za mbele au mbili za nyuma kwa pamoja. Na ukitoka baharini, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Tuliporudi Mtwara nilizitazama zile shokapu za zamani uani. Kavu kabisa, hata tone la oili.

Kiwanja bado hatujapata. Kibubu kipya kipo, na tunakihesabu wote wawili kila mwisho wa mwezi. Mama Nasri akisema kuna kitu kinalia, nazima redio.