Skrubu Moja na Tarakimu 48

Nilipohamia Auburn, magharibi mwa Sydney, kazi ya pembeni ilinifuata mlangoni. Watu wetu, wawe wa Bukavu, wa Bujumbura au wa Mombasa, wengi wana laptopu iliyokufa chini ya kitanda, na ndani yake picha zisizopatikana kwingine. Mtu akiniletea, nilimuuliza jambo moja tu: "Ilianguka, au ilizimika yenyewe?" Kama ilizimika yenyewe, nusu ya kazi imekwisha.

Zama zile mashine ilikuwa kitu kimoja na diski kitu kingine. Unaigeuza, unalegeza skrubu za kifuniko, unavuta diski ya inchi 2.5, unaitia kwenye kasha la USB la bei rahisi na kuichomeka kwenye kompyuta nzima. Mafaili haya hapa. Ubao mama uwe umemwagikiwa chai, skrini iwe imepasuka, diski haina habari. Pini 44 za IDE, nyembamba na nyepesi kupinda, zikaja kuipisha SATA. Ufundi ukabaki uleule. Hata vipuri vilikuwa bure: wakazi wanapotoa vitu vyao vikuukuu kando ya barabara ili halmashauri ivizoe, napita kwanza mimi.

Shughuli ilikuwa diski iliyoanguka. Inagonga tak, tak, tak, kichwa kinatafuta njia yake hakiioni. Hapo pupa haifai. Nilikuwa nawasha Linux kutoka kwenye flashi, naiachia ddrescue usiku kucha. Programu hiyo, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, huchota kwanza sehemu nzima na kuziruka mbovu, huandika pembeni ilipofikia, ndipo hurudi kukwangua makombo. (Anayekushauri uitie diski kwenye friji, mkimbie.) Zilizogonga kupita kiasi niliwaelekeza wenyewe mjini, kwa mafundi wenye vyumba visivyo na vumbi. Wengi wakishasikia bei walirudi nayo nyumbani vilevile.

Mambo yaligeuka polepole. Diski za kuzunguka zikapisha SSD, na SSD nazo zikaanza kuchomelewa kwenye ubao wenyewe. MacBook Pro ya 2016 yenye Touch Bar ilikuwa bado na tundu kwenye ubao ambalo mafundi wa Apple waliweza kuchotea data. Ile ya 2018, yenye chipu ya T2, haikuwa nalo, na kila kilichomo kimesimbwa. Ubao ukifa, sharti uufufue kwanza wenyewe, na hiyo ni kazi ya darubini, si ya bisibisi yangu. Mwaka 2024 toleo jipya la Windows 11 nalo likaanza kuzifunga kimyakimya diski za kompyuta mpya nyingi zaidi zinazoandikishwa kwa akaunti ya Microsoft. Haki isemwe: laptopu ikisahaulika kwenye treni ya Parramatta, mwizi haambulii kitu. Ila mwizi hajawahi kuniletea kazi.

Aliyeniletea ni mama mmoja wa Blacktown, mzaliwa wa Uvira. Laptopu yake haikuwaka kabisa. Diski, kijiti chembamba kilichoshikwa na skrubu moja, ilitoka salama. Nikaichomeka kwangu, ikadai ufunguo: tarakimu 48.

"Mama, nani aliiwasha mara ya kwanza?"

"Ni mtoto. Iko Perth."

Tukampigia. Kijana akaingia kwenye akaunti yake, akaukuta, akatusomea tarakimu sita sita, mafungu manane, mama akizirudia kwa Kifaransa kwa sauti ya kanisani, mimi naandika. Fungu la tano tukalirudia, maana mama alikuwa amesimama kumwitikia jirani. Diski ikafunguka: kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ubatizo, binamu mmoja kavaa suti isiyo yake. Mama akazipitia zote, akacheka, akafuta machozi, akaniuliza bei. Nikamtajia.

"Skrubu moja, mwanangu! Na namba katoa mtoto. Hiyo bei ni ya nini?"

Nikakata nusu.