Usiku wa Kamanyola

Tulitoka Uvira wamama saba katika taksi-bisi moja, tunapanda Bukavu kwa arusi ya binti wa rafiki yetu. Pesa ya njia tuliitoa kwa likelemba miezi mitatu. Sange gurudumu likapasuka, tukacheka tu. Lakini kufika Kamanyola ilikuwa jioni, mvua inanyesha, na breki zilikuwa zinalia tangu Sange. Mbele yetu, Ngomo. Mnaijua: huku jiwe, huku shimo. Hata kwa kupanda, moteri ikizimika, breki ndiyo inashika gari.

Shofere akasema tunaenda. Mimi mwalimu, ninayenyamazisha watoto hamsini darasani, nilinyamaza. Ni mama mwenye mtoto mgongoni aliyesema, “Mwanangu, mimi nashuka.” Ndipo na sisi tukashuka.

Mama mmoja muuza mihogo, asiyetujua, alitupikia bugali na ndagala, akatutandikia mikeka.

Bukavu tulikuta arusi imeisha. Rafiki yetu hakutusemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza pole pole, “Mama mwalimu, breki zililia kweli?”