Jina Lililo Juu ya Fomu

Hapa Tunduma kijana akimaliza shule, mpaka unamwita kabla hata matokeo hayajatoka. Atabadilisha kwacha, atapakia malori, atavusha bidhaa kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na jioni atalala na hela mfukoni. Simdharau, maana mji huu umejengwa na watu wa namna hiyo. Lakini binti wa dada yangu, ninayeishi naye, ameamua kusubiri chuo, na siku hizi tukikaa jioni mazungumzo ni ufadhili tu.

Unaomvutia zaidi ni ule wa Mfuko wa Kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, ulioanzishwa na Benki Kuu ya Tanzania mwaka 2009, miaka 10 baada ya Mwalimu kufariki. Husomesha wanafunzi waliofaulu vizuri sana, wakiwemo wasichana wa hisabati na sayansi. "Mama mdogo," aliniuliza, "wanalipa ada yote au nusu?" Nikamwambia asome masharti. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine: je, anamjua mwenye jina? Alizaliwa Mwalimu akiwa ameshatutoka. Kwake yeye ni sura kwenye noti ya shilingi 1,000. Hata reli ya TAZARA inayopita hapa mjini kuelekea Kapiri Mposhi hajawahi kuihusisha naye, wakati ni yeye na Rais Kaunda wa Zambia walioipigania baada ya mataifa ya Magharibi kukataa kuigharamia, mpaka Wachina wakakubali na kilometa 1,860 zikakamilika mwaka 1975.

Basi nikamsimulia. Mwalimu naye alisomeshwa kwa ufadhili, Chuo Kikuu cha Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952. Alirudi akafundisha Pugu, na mwaka 1955 akaiacha kazi hiyo ya mshahara ili akitumikie chama cha TANU, kilichodai uhuru.

Nikamsimulia na Oktoba 1966, kwa sababu jina la mtu halibebwi nusu. Wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwapeleka wasomi Jeshi la Kujenga Taifa kwa sehemu tu ya mshahara. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao mamia yao, kisha akatangaza kujipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20. Adhabu ile naiona ilikuwa kali kupita kiasi. Kijana anayeihoji serikali yake hastahili kufukuzwa chuo, na wengi walirudishwa baadaye. Ila hasira yenyewe naielewa. Alikuwa ameshawafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake kingine. Huyo akishiba na kutokomea, amewaua waliomlisha. Na mwenye kuyasema hayo alianza kupunguza kwenye sahani yake mwenyewe.

Wakati mwingine wanaokulisha hata hujawahi kuwaona. Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, alipotafuta nauli za vijana waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani, barua ya kuomba michango ilisainiwa na Jackie Robinson, mchezaji wa besiboli, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte, ambaye mama yake alizaliwa Jamaika, na mwigizaji Sidney Poitier aliyekulia Bahamas. Watu hao, wawili wao wa asili ya Karibea, walijinyima na kuwahimiza wenzao wajinyime kwa ajili ya watoto wa Afrika Mashariki wasiowajua. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai alipita njia hiyohiyo, akarudi nyumbani, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti. Wakati wowote ninapofikiria malipo ya ufadhili, huyo mama ndiye anayenijia kwanza.

Binti alinyamaza, kisha akauliza, "Sasa mimi nikipata nitalipa nini?" Ni swali zuri kuliko lile la ada. Nami nawajibu wote mnaojaza fomu mwaka huu: shule nyingi za sekondari nchini hazina walimu wa kutosha wa hisabati na fizikia. Ukipata ufadhili, likizo ya kwanza tu rudi shuleni ulikotoka, muone mkuu wa shule, omba kipindi, ufundishe.