UNYAMWEZINI NAKO DAKTARI YUKO MBALI!

Mtu akikwambia anakwenda Marekani, moja kwa moja unawaza maghorofa ya New York na mshiko nje nje. Mimi nilitua Maine, jimbo la pembe ya kaskazini-mashariki kabisa, linalopakana na Kanada. Huko ni misitu, mashamba ya viazi na wavuvi wa kambakoche. Eneo lake linauzidi mkoa wa Tabora, lakini sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,362,359 tu, na zaidi ya nusu wako vijijini. Bwana wee, unaweza kukata misitu kwa gari muda mrefu hujaona hata kibanda cha soda!

Mwenyeji wangu anaishi Lewiston, mji wa viwanda vya nguo vya zamani. Tangu 2001 Wasomali wengi wamehamia hapo, na Wakongo nao wakafuata, kwa hiyo Kiswahili unakisikia mpaka dukani. Jamaa ni wa Bukavu, aliingia kama mkimbizi. Usiku wa kwanza tuko mezani, namwona anatafunia upande mmoja.

“Vipi kaka, jino?”

“Mawili yamekwenda, ndugu yangu. Kadi ilikuwa inalipia kung’oa tu. Kuziba ni pesa yangu, na pesa yangu ni ya kodi ya nyumba.”

Kadi anayoisema ni ya MaineCare, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Kuipata kwenyewe kulikuwa kasheshe. Mtu mzima asiye na mtoto wa kulea alikuwa haipati kirahisi, hata awe hohehahe. Bunge la jimbo lilipitisha miswada ya kuipanua, Gavana Paul LePage akaipiga veto mara tano. Novemba 2017 wananchi wakaamua kwa kura yao wenyewe, karibu asilimia 59 wakasema ndiyo. Likawa jimbo la kwanza Marekani kupanua bima hiyo kwa kura ya wananchi. Gavana bado akagoma, kesi ikafika mahakamani. Januari 2019 akaingia Janet Mills, na siku yake ya kwanza ofisini akaamuru kazi ianze. Matibabu kamili ya meno kwa watu wazima yakaongezwa Julai 2022. Meno mawili ya jamaa hayakusubiri.

“Basi sasa mambo safi,” nikasema.

Akacheka kwa upande ule ule mmoja. Jino la tatu lilipoanza kuuma alipiga simu mpaka akachoka. Huyu hapokei wagonjwa wapya, yule hapokei kadi. Aliyemkubali yuko mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, na alimpa miadi ya miezi mitano mbele.

Hapo ndipo nilipopata somo. Kadi inashusha bei, lakini haimsogezi daktari.

Jumamosi tukaenda pwani, kama saa tatu za barabara, mpaka Northeast Harbor. Kwenye gati jamaa akanionyesha meli inaitwa Sunbeam, ya Maine Seacoast Mission, shirika lililoanzishwa na wachungaji wawili ndugu mwaka 1905. Meli hiyo humpeleka nesi kwenye visiwa visivyo na daraja, kama Matinicus, kilomita kama 35 baharini. Wagonjwa wanapanda melini, nesi anawapima, na daktari aliye bara anazungumza nao kwenye skrini. Mvuvi hapotezi siku ya kazi kwa ajili ya kupimwa presha. Nilisimama pale gatini nikiitazama, upepo unanikata masikio, nikawaza: kumbe inawezekana mgonjwa akafuatwa!

Lakini msidhani kote ni hivyo. Wakati visiwani wanafuatwa na meli, mijini midogo ya bara wodi za wazazi zimekuwa zikifungwa. Calais ilifungwa 2017, Rumford na Fort Kent 2023. Watoto wanaozaliwa ni wachache, wakunga na madaktari wa kukesha ni shida kupatikana, gharama hazirudi. Mama wa Fort Kent akishikwa na uchungu, Caribou ni kama kilomita 70, na Januari huko theluji inafika magotini. Kadi anaweza kuwa nayo mkobani. Sasa itamzalisha?

Siku mbili kabla sijaondoka, miadi ya jamaa ikafika. Alitoka kazini alfajiri hajalala, akaingia kwenye gari, mimi pembeni nampigisha stori asije akasinzia. Saa moja na nusu kwenda. Dakika arobaini kwenye kiti. Jino likazibwa, bila kulipa hata senti.

Alitoka na ganzi, mdomo umekwenda upande, anajaribu kutabasamu.

“Kaka, hili limepona,” akaniambia kwa taabu. “Ila angeniona miaka mitatu nyuma, ningekuwa nayo yote.”

Tukageuza gari. Saa moja na nusu nyingine, na usiku ule ule alikuwa anaingia zamu.