Manjano au Chungwa

Marehemu baba alikuwa fundi redio Ngamiani, Tanga, na sikuwahi kumwona akichomoa kitu kabla ya kukipima. Nilikaa kando ya meza yake miaka mingi nikifanya hesabu za shule, nikiazimia moyoni kwamba mimi sitanuka moshi wa lehemu. Azma hiyo niliitimiza. Nikawa mhasibu, nikahamia Uingereza, na leo naishi Coventry, ambako mwanangu wa miaka kumi na mitano aliniomba, majira ya baridi yaliyopita, tuunde pamoja pedali ya gitaa, ile ya kukwaruza sauti.

Alitaka tuige RAT, pedali iliyoanza kutengenezwa na kampuni ya Pro Co huko Kalamazoo, Michigan, mwishoni mwa miaka ya 1970. Moyo wake ni opampu moja, chipu nyeusi yenye miguu minane, inayoukuza mtetemo dhaifu wa nyuzi kupita kiasi hadi vilele vyake vikatwe na diodi mbili. Chipu ya asili, LM308, haitengenezwi tena, na wapenzi wa gitaa huizungumzia kama hirizi. Nilinunua moja kwa bei ya kilo kadhaa za nyama, bila uhakika kwamba maandishi ya mgongoni mwake hayakuchapwa juzi.

Tulilehemu kwa jioni nne, na kusema kweli jioni hizo nilizitaka kuliko pedali yenyewe. Kijana wangu hunijibu kwa Kiingereza hata nikimwuliza kama ameshiba. Lakini mezani pale niliyemtajia vitu ni mimi, naye akavipokea kwa majina niliyompa. Nilisema mguu, akasema mguu. "Nishikie hapa, baba." "Baba, hii ni manjano au chungwa?"

Tukaunga betri. Gitaa likakohoa: ukipiga uzi kwa nguvu, sauti huchomoza mara moja, hukatika, kisha kimya.

Nikachomoa chipu. Tulikuwa tumeweka soketi, na soketi ni kishawishi kibaya kwa mtu asiye na subira. Nikaagiza OP07, ambayo kampuni yenyewe ilikuja kuitumia LM308 ilipoadimika. Kikohozi kilekile. Nikasoma kwamba LM308 huhitaji kapasita ya pikofaradi 30 kati ya mguu wa 1 na wa 8 ili isipige mluzi yenyewe, ilhali kwenye OP07 miguu hiyo ina kazi nyingine, nikaing'oa kapasita. Haikusaidia. Nikaweka TL071: kimya kabisa. Usiku mmoja, kwa uchovu, nikachomeka TL072, yenye opampu mbili ndani ya ganda moja, ambayo hupokea umeme kwa mguu wa 8 na si wa 7. Yaani niliusukuma umeme kwenye mlango wa kutokea. Chipu ile niliitupa.

Wiki ya tatu mwanangu aliacha kuja mezani. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba bora tununue iliyo tayari.

Usiku huo nilikaa peke yangu, ndipo nilipoitoa mita kwenye droo. Betri: volti 9. Mguu wa 7: volti 9. Sasa, wimbi la gitaa hupanda na kushuka, lakini betri moja haina kitu chini ya sifuri. Kwa hiyo rizista mbili za omu 100,000 huigawa volti yake katikati, ili wimbi lipate nafasi juu na chini. Pale zinapokutana rizista hizo nilitarajia 4.5. Mita ilisoma 0.8. Hesabu ya mhasibu ilitosha: 9 mara 10 gawa kwa 110. Rizista ya chini ilikuwa ya omu 10,000. Kahawia, nyeusi, chungwa. Nayo ilipaswa kuwa kahawia, nyeusi, manjano. Hakuna opampu kati ya zile nilizochomeka ambayo ingeweza kufanya kazi imebanwa sakafuni namna ile.

Nikakumbuka swali lake. Nilikuwa nimejibu "manjano" bila kuinua macho.

Asubuhi nilimwita, nikampa mita, nikamwambia asome. "Sifuri nukta nane," akasema. "Inatakiwa iwe ngapi?" Nikamweleza, na nikamweleza pia kwamba yeye aliuliza na mimi sikutazama. Hakucheka. Aliwasha chuma cha kulehemu, akaibadilisha mwenyewe, akapima tena: 4.5.

Baada ya hapo tuliijaribu kila chipu, yeye akipiga amefumba macho. TL071 aliitambua kila mara, sauti yake ina ncha zaidi. Kasi yake ni volti 13 kwa mikrosekunde, wakati LM308 na OP07 hazizidi sana 0.3. Kati ya hizo mbili alikisia tu, nami vivyo hivyo. Tuliiacha OP07 ndani, hirizi ikarudi kwenye kikopo chake.

Alipokuwa akifunga skrubu za mwisho aliniuliza kama mita ya babu bado ipo. Ipo, kabatini kwa shangazi yake, Tanga. Sindano yake hukwama ikifika nne. Alitaka kujua kama tunaweza kuifungua tukienda Desemba.