Noeli yetu ya Glasgow, na wimbo wa koko

Tunakaa Glasgow, mji mkubwa kuliko yote ya Uskoti, nchi ile tuliyoisoma shuleni kwa jina la Ekose. Wengi wenu mnatufahamu. Tulipata diploma yetu ya ualimu pale ISP Bukavu, tukafundisha shule ya msingi miaka saba, kisha tukamfuata baba wa watoto huku. Mmetuuliza mara nyingi kwa simu: Noeli ya huko ni ya namna gani, mnatembea wapi na watoto, mnaimba nini? Leo tunajibu, na tutaongeza jambo moja ambalo hamkutuuliza.

Kwanza mjue giza. Mwezi wa kumi na mbili, jua la Glasgow linachomoza karibu saa tatu kasoro robo asubuhi, na saa kumi kasoro robo limekwisha kuzama. Watoto wanakwenda masomo gizani, wanarudi kukiwa na giza tena. Mvua inanyesha, na baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Mwaka wa kwanza tulijifungia nyumbani tukilia kwa ajili ya ziwa Kivu. Mwaka wa pili tulielewa kwa nini watu wa huku wanatundika taa kila mahali. Bila zile taa, moyo unaweza kuzimika.

Matembezi ya mfuko mwembamba

Mama mwenye watoto watatu na mshahara wa kusafisha ofisi alfajiri hawezi kununua kila kitu anachokiona. Lakini Uskoti ina jambo jema: tangu Januari 2022, kila mkaaji wa nchi hii mwenye miaka 5 hadi 21 anaweza kupata kadi ya kusafiri kwa basi bila kulipa, na walio chini ya miaka 5 hawalipi pia. Kwa hiyo Jumamosi moja tulipanda basi kwenda Edinburgh, mji mkuu, safari ya zaidi kidogo ya saa moja. Sisi wakubwa tu ndio tuliolipa.

Edinburgh wakati wa Noeli ni kama kuingia ndani ya picha. Kuna bustani kubwa katikati ya mji, na juu yake, kwenye mwamba, ngome ya kale. Ndani ya bustani wanaweka soko la Noeli lenye vibanda vya mbao, na gurudumu kubwa la kubeba watu juu, kando ya mnara wa mwandishi Walter Scott. Kuna pia mti mrefu wa Noeli. Bei za sokoni zinachoma kuliko pilipili. Tulikuwa tumebeba mandazi yetu na chai katika termosi, tukala tukiwa tumesimama. Kijana wetu wa miaka tisa aliuliza kwa nini hatupandi lile gurudumu. Tulimwambia: "Tumekuja kuona taa, na taa hazilipiwi." Alinuna kidogo, halafu akaanza kuzihesabu. Alipofika mia tatu alikuwa amesahau gurudumu.

Binti wetu mkubwa alipelekwa na masomo yake kuona mchezo wa Noeli katika ukumbi. Michezo hiyo ina desturi yake: mwanaume anavaa nguo za bibi mzee, na watoto wanamzomea mtu mbaya kwa sauti zao zote. Kwetu mtoto anayepiga kelele mbele ya wakubwa tunamkemea. Huku, siku hiyo, analipiwa tiketi ili apige kelele!

Lakini safari tuliyoipenda kuliko zote haikuwa mbali. Ni jumba la makumbusho la Kelvingrove, hapa hapa Glasgow, lililofunguliwa mwaka 1901. Kuingia ni bure. Ndani kuna tembo mzima aliyekaushwa, ndege ya vita iliyoning'inizwa juu, na kinanda kikubwa cha mabomba ambacho hupigwa mchana. Hapo ndipo lilipotokea jambo tunalotaka kuwaambia.

Aibu ya mwaka uliotangulia

Tuanze nyuma kidogo. Noeli ya mwaka uliotangulia tulimpigia simu mama yetu Bukavu, ambaye watoto wanamwita koko. Koko anasema Mashi na Kiswahili, basi. Aliomba kitinda mimba wetu amwimbie. Mtoto akaimba kwa Kiingereza, wimbo wa kengele aliojifunza kwenye masomo, vizuri kabisa, mpaka mwisho. Upande wa pili kimya. Halafu koko akasema polepole: "Ameimba vizuri. Sasa nipeni mtu ninayeweza kumsikia."

Mama wapendwa, hatukulala usiku ule. Sisi tuliofundisha watoto wa wengine kuimba, tuliotayarisha sherehe za masomo miaka saba, mtoto wetu mwenyewe hakuwa na wimbo hata mmoja wa kumpa bibi yake. Hatukuwa tumeamua hivyo. Tulikuwa tunachoka. Mtoto anajibu kwa Kiingereza, nawe unaacha, kwa sababu kesho saa kumi alfajiri unatakiwa kuamka. Siku moja ni kidogo. Siku elfu ni lugha nzima.

Basi siku ile Kelvingrove, mpiga kinanda alipiga nyimbo za Noeli moja baada ya nyingine. Watu wamekaa, wengine na mifuko yao ya soko. Akaanza wimbo ule tunaouita "Usiku Mtakatifu". Kitinda mimba alituvuta kanzu: "Mama, huu ni wimbo wa koko!" Alikuwa amemsikia koko akiuimba jikoni kabla hatujaondoka, akiwa na miaka mitatu. Maneno yalikuwa yamepotea, lakini sauti ilikuwa imebaki.

Njiani tuliwasimulia watoto kwamba wimbo huo ulizaliwa katika kijiji cha Oberndorf, Austria, na uliimbwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 24 Desemba 1818. Maneno ni ya padri Joseph Mohr, na sauti aliitunga mwalimu wa masomo, Franz Xaver Gruber. Mwalimu, kama sisi! Haukuwa wimbo wa Waingereza wala wa Wabukavu. Kila watu waliuvika lugha yao. Basi na sisi tutauvika yetu.

Jirani wa kisiwa cha Mull

Mlango wa pili kwetu anakaa bibi mzee, mzaliwa wa kisiwa cha Mull, magharibi ya Uskoti. Tulipomweleza habari hii alinyamaza muda mrefu, kisha akatuambia yake. Kwao walisema Kigaeli, lugha ya kale ya huku. Alituambia pia kwamba Noeli ya utoto wake haikuwa sikukuu: baba yake alikwenda kazini kama siku nyingine. Ni kweli, kwa sababu viongozi wa kanisa la Uskoti baada ya mageuzi ya 1560 waliikataa Noeli, na siku hiyo ilirudi kuwa ya mapumziko kwa wote mwaka 1958 tu. Sikukuu yao kubwa ilikuwa Mwaka Mpya.

Halafu akatuimbia wimbo wa Noeli uliotungwa na mwanamke wa kisiwa chake, Mary MacDonald, aliyezaliwa mwaka 1789 karibu na kijiji cha Bunessan. Mama huyo alitunga kwa Kigaeli, lugha ya nyumbani kwake. Leo sauti ya wimbo wake inajulikana katika makanisa ya nchi nyingi, lakini wanaoweza kuuimba kwa lugha yake ni wachache. Jirani yetu alisema: "Watoto wangu sikuwafundisha. Nilidhani nawasaidia." Hakusema zaidi. Tulimmiminia chai.

Tangu jioni ile tulifanya kama tulivyofundishwa ISP. Kila usiku dakika kumi, baada ya chakula. Mstari mmoja tu, tumeuandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya frigo. Mtoto anasikia kwanza, anarudilia, anaelezwa maana, halafu ndipo anaimba. Binti mkubwa anafundisha wadogo, maana anayefundisha hasahau. Kijana alilalamika siku nne. Siku ya tano tulimsikia akiuimba bafuni.

Nyimbo nyingine hatukuzifukuza. Ule wa Mariah Carey wa mwaka 1994 unapigwa kila duka, na watoto wanaucheza wakikunja nguo. Na usiku wa kuamkia Mwaka Mpya tuliimba na majirani wimbo wa "Auld Lang Syne", maneno ya mshairi wao Robert Burns. Tulipousikia tulicheka: ni sauti ile ile tuliyoimba kwa Kifaransa tukiagana mwisho wa mwaka wa masomo! Usiku ule pia wana desturi: mtu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita analeta bahati, hasa akiwa mwanaume mwenye nywele nyeusi. Jirani alimchagua baba wa watoto. Alisimama nje kwenye baridi na paketi ya biskuti, akingoja saa igonge, huku sisi tukimcheka dirishani.

Simu ya Noeli

Siku ya Noeli tulipika sombe tuliyoipata ikiwa ya barafu katika duka la Waafrika, na samaki. Mchana tukapiga simu Bukavu. Habari za kwetu mwaka huu zilikuwa nzito, mnazijua kuliko sisi, na sauti ya koko ilikuwa imechoka. Hatukumwambia kitu. Tulimpa kitinda mimba simu.

Aliimba beti mbili. La kwanza kimya upande wa pili. La pili, koko akaingia. Mtandao ukakatika, tukapiga tena, na aliposhika simu alikuwa bado anaimba, hakutungoja. Walipomaliza tulidhani atalia. Koko hakulia. Alisema: "Neno moja umelisema vibaya. Rudilia." Akamrudilisha mara tatu mpaka likanyooka. Hapo tukajua ualimu wetu haukutoka ISP peke yake.

Mama wapendwa, jambo hili si la walio mbali tu. Hata Bukavu, Goma na Lubumbashi, wako watoto wanaojibu kwa Kifaransa peke yake, na koko wamekaa pembeni ya meza wakitabasamu bila kuelewa. Kifaransa ni kizuri, kiacheni kikae. Ila mchague wimbo mmoja kabla ya Noeli ijayo, mstari mmoja kila usiku. Hauombi franka hata moja. Nasi jirani yetu ametuomba kitu: kila Jumapili anakuja kumfundisha kitinda mimba ule wimbo wa Mull, kwa Kigaeli. Anasema angalau mtoto mmoja awe nao.

Bonane njema kwenu nyote, pamoja na watoto na wazee wenu.