Anayeporwa Baoni

Mwenye nguvu mpishe, walinena wahenga. Mchezaji wa bao hawezi kuufuata wosia huu, kwani yeye na huyo mwenye nguvu wameukabili ubao mmoja, na hapana pa kupishia. Hana budi kuporwa, kisha aendelee kucheza.

Bao la Kiswahili nilifunzwa bwenini, huko Njoro, na mwenzangu mzaliwa wa Lamu. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32: huweka sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi. Nyumba ndiyo hazina, nayo ndiyo hutamaniwa. Mwenzangu aliila yangu karibu kila jioni.

Kwa kuwatazama wengine aliowapora, niligundua kwamba hawafanani. Wako waliousukuma ubao wakaenda zao. Wako walioongozwa na hasira: kula ni lazima kunapowezekana, lakini penye njia mbili wao waliifuata ile ya kulipiza, hata kama nyingine ingewakinga zaidi. Wa tatu alinyamaza, akahesabu kilichosalia, kisha akachunguza alichoporwa kimewekwa wapi. Huyu ndiye aliyeogopwa. Katika bao hili kete iliyoliwa haitoki ubaoni. Mporaji huisambaza katika mashimo yake mwenyewe, na kadiri shimo lake la mbele linavyonona, ndivyo linavyovutia kuliwa. Aliye juu mngoje chini.

Aghalabu tunaishia hapo, tukasema bao hufunza subira. Mimi nasita, na kinachonisitisha kiko hapa hapa Nakuru. Katika kilima cha Hyrax Hill, alikochimbua Mary Leakey mnamo 1937 na 1938, kuna bao zilizochongwa mwambani. Kilimani humo pia mna mabonde madogo yanayohusishwa na Wasirikwa, ambayo wanaakiolojia huyaeleza kuwa mazizi, yaliyochimbwa ili ng'ombe walindwe dhidi ya wavamizi. Sidai kwamba waliochonga bao ndio waliochimba mazizi. Nasema tu kwamba kilima kimoja kimehifadhi mashimo ya kuporana kwa mzaha na mashimo ya kujikinga na uporaji wa kweli, na kwamba ng'ombe aliyeswagwa usiku hakuwa kete.

Mjomba wangu alikuwa na duka dogo viungani mwa Nakuru. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, umati wenye mapanga ulilivunja ukabeba kila kitu, kuanzia unga hadi mizani. Naye alifanya kama yule mchezaji wa tatu: alinyamaza, akahesabu kilichosalia. Lakini alipotaka kuchunguza alichoporwa kimewekwa wapi, hakuona shimo la kutazama. Mali yake ilikuwa imetoka ubaoni, na waliomla hawakuketi tena mbele yake wangoje zamu yake.

Hapo ndipo nilipoielewa subira ya baoni. Aliyeporwa huweza kungoja kwa sababu kanuni imemhakikishia mambo mawili: kwamba zamu yake itafika, na kwamba mporaji hataondoka na kete. Pasipo hayo, kumsihi mnyonge asubiri ni kumwambia tu ampishe mwenye nguvu. Jamii inayotaka watu wake wasubiri haina budi kwanza kuilinda kanuni ya ubao.